Duka la upako: mafuta ya alizeti, maji ya kiwandani, risiti hakuna

Kwa wenye haraka, hili ni duka la kanisa: mafuta ya upako ni alizeti, maji ni yale yale ya kiwandani, kitambaa kina pindo safi na rangi yake haichuji, na risiti hupewi hata ukiomba kwa adabu. Nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya kitambaa.

Wenye muda tuendelee. Nina duka la rejareja Tabata: mchele, unga, sabuni, mafuta ya kupima, maji, vocha. Nimezoea kuandika kuhusu vitu ninavyonunua kwa hela yangu, mara blenda, mara godoro, mara fundi wa friji aliyeniachia nyaya zinaning'inia. Safari hii ni duka la kanisa, lililo ndani ya uzio wa kanisa lenyewe, hapa hapa Dar es Salaam. Jina silitaji. Asiyelijua aweke jina la lile la mtaani kwake, na sidhani kama tathmini itaharibika sana.

Sipimi maombi. Aliyepona amepona. Mimi mwenyewe ni Mlutheri niliyebatizwa kichanga, nasali, sina ugomvi na madhabahu ya mtu. Ila mtu akishabandika bei kwenye chupa, hiyo chupa imeingia kwenye fani yangu.

Aliyenipeleka ni wifi yangu, muumini wa pale wa siku nyingi. Ibada inaanza saa mbili asubuhi, lakini ukitaka kiti chenye kivuli uwe umefika saa moja. Maegesho ni mazuri, kuna vijana wenye fulana za njano wanaopanga magari kwa utaratibu ambao stendi zetu hazina. V8 nyeusi ya Nabii, kiongozi wa kanisa hilo, ina sehemu yake peke yake, imezungushiwa kamba, na mlinzi anaifuta vumbi hata pasipo na vumbi. Viti ni vya plastiki chini ya turubai. Safu za mbele ni makochi meupe, na hayo ni ya "washirika wa maono", yaani waliofikisha kiwango fulani cha kuchangia kila mwezi. Wifi hajafikisha, kwa hiyo tulikaa plastiki. Choo kisafi, maji yanatoka. Vyombo vya muziki ni vya daraja la juu na vijana wanajua kuvipiga. Kwaya yetu kule usharikani ingejifunza kitu.

Mahubiri yalikuwa juu ya kutoa. Vikapu vilizunguka kwa majina tofauti: fungu la kumi, shukrani, ujenzi, mbegu, halafu kimoja cha "kumheshimu mtumishi". Katikati Nabii akasema Watanzania wana roho ya umaskini, maana watumishi wa Marekani wanaruka na ndege zao binafsi na hakuna anayenung'unika, huku kwetu mtumishi akipanda V8 tu midomo inawasha. Watu wakapiga makofi. Wifi akanitazama kuona kama napiga. Nilipiga, niko ugenini.

Duka lenyewe ni kontena lililotobolewa dirisha, limepakwa rangi ya bluu, ndani kuna kiyoyozi na rafu za kioo. Foleni inaanza baraka ya mwisho ikishatolewa. Orodha ya bei imebandikwa ukutani wazi, na hilo nawapongeza, kuna maduka Kariakoo hayana ustaarabu huo. Mafuta ya upako mililita 100, elfu 10. Mafuta ya upako "ya biashara", mililita hizo hizo, elfu 20. Maji ya baraka nusu lita, elfu 3. Chumvi robo kilo, elfu 5. Kitambaa, elfu 15. Stika ya gari, elfu 5. Kuonana na Mtumishi ana kwa ana kuna bei yake pia, ila hiyo haiandikwi ukutani, unaambiwa pembeni. Nilichukua mafuta ya aina zote mbili, maji na kitambaa.

Nianze na mafuta. Napima alizeti ya Singida kila siku ya Mungu, mikono yangu inaijua. Nyumbani nilimimina yale ya elfu 10 kwenye glasi, ya elfu 20 kwenye glasi nyingine, na ya dukani kwangu kwenye ya tatu, nikaziweka dirishani. Rangi moja. Uzito mmoja. Tofauti ilikuwa harufu: ya kanisani yametiwa matone ya marashi ya waridi, yale ya bei nafuu sana yanayonata puani. Kati ya ya elfu 10 na ya elfu 20 sikuona tofauti yoyote isipokuwa lebo, moja ya zambarau na nyingine ya dhahabu. Lebo ina picha ya Nabii kanyoosha mkono na mstari wa Zaburi. Haina jina la mtengenezaji, haina tarehe ya kuisha, haina alama ya TBS, Shirika la Viwango. Nilimuuliza binti wa dukani yanatumikaje. Akasema: "Mama, unapaka, unalamba kidogo, mengine unamwagia mlangoni kwa adui." Sasa kitu cha kupaka ni kipodozi na cha kulamba ni chakula, na tangu 2019 vyote viwili vinasimamiwa na TBS. Cha kumwagia adui sijui kiko chini ya nani.

Bei sasa. Lita ya alizeti dukani kwangu ni elfu 6. Kwa bei ya lebo ya zambarau lita inafika laki moja. Kwa lebo ya dhahabu, laki mbili. Nina miaka mingi kwenye biashara na sijawahi kuona bidhaa yenye faida ya namna hiyo ambayo mteja anapanga foleni juani kuifuata.

Maji ndiyo yaliyonifurahisha. Kuna stika ya kanisa inayozunguka chupa yote. Nikaikwangua kwa ukucha taratibu pale gundi ilipoachia, ikatokea lebo ya kiwanda, chapa ambayo mimi mwenyewe naiagiza kwa katoni na kuiuza shilingi 500. Na juu ya kifuniko ipo ile stempu ya kodi ya kielektroniki, alama zake ndogo ndogo zinasomeka vizuri. Kwa hiyo katika mfuko mzima niliotoka nao pale, kitu pekee chenye ushahidi kwamba serikali imepata chochote ni hicho kifuniko, na alama hiyo iliwekwa kiwandani kabla chupa haijaokoka.

Kitambaa ni kizuri, nimeshasema. Pamba halisi, pindo limekunjwa mara mbili. Nafutia miwani.

Kwenye malipo ndipo pana hoja yangu hasa. Hawapokei taslimu dukani, unalipa kwa simu, lipa namba imebandikwa kwenye kioo chini ya maneno "Bwana ni mchungaji wangu". Ukiingiza namba na kiasi, kabla ya namba ya siri, simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Nilitegemea nione jina la kanisa. Likatokea jina la mwanamke, likafuatiwa na neno Enterprises. Nikamwonyesha wifi, wifi akasema, "Ah, si Mama Mchungaji huyo." Alisema bila wasiwasi wowote, kama mtu anayekutambulisha kwa jirani.

Nikalipa. Nikaomba risiti.

Binti akanipa kikaratasi kilichokatwa kutoka kwenye daftari, kimeandikwa "UMEBARIKIWA" na jumla.

"Dada, naomba ya EFD, ile ya mashine ya kodi."

"Mama, hapa ni nyumba ya Mungu, hatuuzi. Hii ni sadaka."

"Kama ni sadaka, mbona nilipotaka kutoa elfu 5 kwa chupa ulisema haitoshi?"

Akacheka, kwa kweli ni binti mwenye adabu. Akamwita mhudumu wa kiume, kijana wa suti, simu mbili mkononi. Naye akaniambia kwa upole kwamba taasisi za dini zimesamehewa kodi, mama asiwe na hofu, na kwamba roho ya kuuliza uliza huzuia upenyo. Watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikaondoka na kikaratasi changu.

Mimi nikiuza sabuni ya mche bila kutoa risiti nina kosa, na mteja asiyedai naye ana kosa. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", tangazo hilo tumelisikia mpaka watoto wanaliimba. Mashine nilinunua kwa hela yangu, karatasi zake nanunua mimi. Ndiyo maana neno "tumesamehewa" halikunipita hivi hivi, nikamuuliza mhasibu anayenifungia mahesabu. Maelezo yake kwa Kiswahili cha dukani ni haya: kanisa linasajiliwa kama jumuiya kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Sadaka ya waumini haikatwi kodi. Lakini kutambuliwa na TRA, Mamlaka ya Mapato, kama taasisi ya hisani si kitu kinachokuja chenyewe ukishapaka ukuta rangi na kuweka msalaba, unaomba, unakaguliwa, unapewa uamuzi kwa maandishi. Ukifungua biashara pembeni, biashara inahesabiwa kama biashara. Mchungaji akilipwa mshahara, mshahara unakatwa PAYE, kodi ya mishahara, kama wa mwalimu. Na nafuu yoyote iliyotolewa imetolewa kwa taasisi. Haitoki na mtu getini ikaenda naye nyumbani.

Halafu akaniuliza swali ambalo kijana wa suti hakuniuliza: "Hela uliilipa kwa taasisi gani?" Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Akasoma lile jina na Enterprises yake, akarudisha simu mezani, akaendelea na mahesabu yangu ya mwezi.

Sina shida na nafuu yenyewe. Nikiona hospitali za kanisa kama Bugando, nikiona KCMC, naelewa kabisa kwa nini serikali inazipunguzia mzigo taasisi za dini. Mama yangu alipasuliwa KCMC na hakuulizwa dhehebu. Usharikani kwetu ukitoa ahadi unaandikiwa risiti, na mapato na matumizi yanasomwa kwenye mkutano mkuu mbele ya watu wanaopenda kubishana mpaka juu ya mia tano ya mishumaa. Si kwamba sisi malaika. Askofu wetu naye hapandi daladala. Jirani yangu wa fremu ya pili, Mwislamu, nilipomsimulia alicheka akasema msijione wa peke yenu, kwao wapo wanaouza maji ya kisomo kwa dumu, nao hawana risiti. Basi tuseme ni soko zima.

Soko hilo lina kumbukumbu. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu, ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Shangazi yangu alikuwemo. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Nauli ndiyo iliyomuumiza shangazi, na foleni ya magari ya kilomita na kilomita. Mengi yalisemwa kuhusu ile dawa na sitaki kuyarudia, ila kwa upande wa bei tu, ambao ndio upande wangu, Babu aliuza kwa 500 na aliishi huko huko mpaka alipofariki mwaka 2021. Wakenya nao wana namba yao, 310. Televisheni ilimuumbua mhubiri mmoja wa Nairobi mwaka 2014, aliyekuwa akiwatoza watu shilingi 310 za Kenya za "mbegu" na kuwaosha miguu kwa maji yanayogeuka mekundu kwa dawa ya dukani, potasiamu pamanganeti. Ukilinganisha, elfu 20 ya lebo ya dhahabu ni bei ya kujiamini sana.

Na zile ndege? Nimesoma. Kwamba zipo, Nabii hakudanganya. Mwaka 2015 Creflo Dollar wa Georgia aliwaomba wafuasi wake wachangie Gulfstream ya dola milioni 65, na Kenneth Copeland wa Texas alisema kupanda ndege za abiria ni kuingia kwenye bomba refu pamoja na mapepo. Ambacho Nabii hakukisema ni kwamba walinung'unikiwa, tena na mkubwa. Mwaka 2007 seneta Charles Grassley aliziandikia huduma sita za wahubiri wa televisheni, hao wawili wakiwemo, akitaka kuona mahesabu. Wengi wao hawakuyatoa yote, ripoti ikatoka Januari 2011, hakuna aliyeadhibiwa. Kule kanisa halilazimiki hata kujaza ile fomu ya mwaka ambayo mashirika mengine ya hisani yanajaza. Nilipomsimulia wifi, akaniuliza: "Wifi, wewe ulienda kanisani au mnadani?" Nikamwambia nilienda kote kwa mpigo, viko uzio mmoja.

Usalama, na hapa sitanii. Baada ya ibada kuna zoezi la kukanyaga mafuta: yanamwagwa kwenye zulia la plastiki karibu na geti, mnapita juu yake mkitoka. Geti lililofunguliwa lilikuwa moja. Tarehe mosi Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya namna hiyo. Sakafu inateleza, nyuma wanasukuma, kuna mama wana watoto mgongoni. Pale nilipokuwa, vijana wa fulana za njano walikuwa bado kwenye magari wakielekeza V8 itoke kwanza. Wahusika mkisoma hii, sahauni yote niliyosema juu ya bei, fungueni mageti mawili mengine. Yapo, nimeyaona, yamefungwa kwa kufuli.

Huduma baada ya mauzo. Kabla sijaifungua chupa ya dhahabu, nilijaribu kuirudisha. Jibu: kilichotoka madhabahuni hakirudi. Sawa, maduka mengi nayo yana kile kibandiko cha "mali ikiuzwa hairudishwi", ila huwa wanakibandika uone kabla. Halafu tangu nilipe, napokea meseji. Alfajiri: "Mwana wa Nabii, mlango wako unafunguka leo, panda mbegu ya 21,000 kabla ya saa sita." Sikuwapa namba yangu wala ruhusa ya kuniandikia, waliitoa kwenye malipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Niliwajibu kwamba naomba waiondoe namba yangu. Wakanijibu "Amina".

Chakula hamna ndani, labda soda. Toka nje ya geti, kushoto, chini ya mwarobaini, kuna mama anauza vitumbua na chai ya tangawizi. Ana meza ya mbao na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha enzi ya Magufuli, cha elfu 20, bado anakivaa shingoni kwa kamba japo kimepauka. Nilimuuliza kama anaruhusiwa kuuza ndani. Akasema alishaomba, akaambiwa alipie eneo kwa mwezi, hakuweza. Na hapo nje ushuru unamfuata kila siku. "Na wao huko ndani wanalipa ushuru?" nikamuuliza. Akageuza vitumbua, akasema, "Mama, mimi nachoma tu."

Mafuta ya zambarau: nyota moja, yakiisha waridi yanakaangia. Ya dhahabu: hakuna nyota, ni yale yale. Maji: nyota tatu, ni maji mazuri, ila kwangu ni 500. Kitambaa: nne. Risiti: hakuna cha kupima. Vitumbua vya nje: tano, mchele wake umesagwa laini, iliki haijazidi, vitatu kwa 500. Fika kabla ya saa tatu, ibada ikianza kumwaga watu vinaisha.